Mwaloni unaoelea

Portsmouth, Jumamosi, 5 Oktoba 2024
Mpwa wangu kaniita nione anavyojenga kwenye Minecraft. Anaupiga mwaloni ngumi mpaka unatoa gogo. Gogo moja, mbao nne. Mbao nne, meza ya kazi. Hapana msumeno wala maranda. Kaondoa shina upande wa chini, juu kote kumebaki kunaelea hewani. Nikacheka. Mimi mti ukikatika chini, nakimbia.

Jumapili, 6 Oktoba
Chini ya mwaloni wa kweli bustanini, kaanza kutafuta matufaha! Mchezoni majani ya mwaloni huyadondosha. Tukaokota kokwa saba zenye vikofia. Nyumbani tukazitia majini: nne zilizozama tumezipanda kwenye kopo la mtindi, tatu zilizoelea tumetupa. "Kwa hiyo, Mjomba, kinachoelea ni kibovu?" Mara nyingi, ndiyo.

Jumatano, 9 Oktoba
Aibu kazini. Jana niliacha jiliwa la chuma juu ya ubao wa mwaloni wenye unyevu. Leo doa jeusi tii. Ni tanini ya mti: ikikutana na chuma penye maji, hugeuka wino. Karne na karne Ulaya waliandika kwa wino wa namna hiyo, wa vinundu vya mwaloni na chumvi ya chuma. Bosi hakusema neno. Kanipa randa.

Jumapili, 20 Oktoba
Mpwa kauliza mbona kopo halioti. Mchezoni mche hunyunyiziwa unga wa mifupa, mara ukawa mti. Nikamwambia mwaloni huanza kuzaa ukikaribia miaka 40, na ubao wake hungoja kama mwaka kwa kila inchi ya unene ukauke kwa upepo. Akahesabu: "Nitakuwa na 49. Na wewe, Mjomba?" Nikampa sahani aoshe.

Jumapili, 8 Desemba
Tumetazama habari za Notre-Dame, Paris. Paa lililoungua 2019 limerudi kwa mialoni ipatayo 2,000. Magogo mengi yalichongwa kwa shoka, yakapandishwa yangali mabichi. "Kumbe si lazima kungoja!" Nikamwambia mingine ilikuwa imesimama msituni zaidi ya miaka 100, kungoja kulikwisha fanywa na wengine.

Kanyamaza, akafukua kopo kwa kidole. Kokwa moja imetoa mzizi mweupe, jani bado. Akaifukia upesi. Usiku nimechungulia chumbani kwake: yuko mchezoni, anaondoa vilele alivyoviacha hewani, kimoja kimoja.