Miguu Isiyolala: Kutoka Mbeya hadi Dar kwa Treni

Nilichagua treni kwa sababu ya korido. Basi la Mbeya kwenda Dar es Salaam ni la haraka zaidi, na ndugu zangu wote walinishauri nipande basi, lakini abiria wa basi hukaa kutwa nzima magoti yake yamebanwa na kiti cha mbele. Mimi siwezi. Jua likishazama miguu yangu huanza kudai kutembezwa. Si maumivu hasa, wala si ganzi. Ni mchemko, kama soda iliyotikiswa ndani ya mifupa ya muundi, na hauniachi mpaka niinuke. Nikipiga hatua unatulia. Nikilala unarudi. Huwa hivyo hadi saa nane au saa tisa za usiku, na saa moja asubuhi natakiwa niwe shuleni, nimesimama mbele ya darasa.

Mkobani nilikuwa na barua ya rufaa. Aliyeiandika alikuwa daktari kijana pale Mbeya, mkweli: aliniambia ugonjwa wangu aliusoma chuoni ila hajawahi kuutibu, hivyo nimwone bingwa wa mishipa ya fahamu. Kabla yake nilipita kwa wengi. Kila mara nilifika asubuhi, na asubuhi miguu yangu ni mizima kabisa, hata ukiigonga kwa nyundo inajibu vizuri. Nilipimwa sukari, nikapigwa picha ya mgongo, nikaambiwa nina mawazo. Sehemu moja walinipa klorofeniramini, kile kidonge kidogo cha njano cha mafua na mzio, kwamba kitaniletea usingizi. Kweli nilisinzia, lakini miguu ilikataa katakata, nikawa natembea huku nasinzia.

Sikuwa nimepanda treni maishani mwangu, wala sikuwa nimefika Dar. Nilitoka Tukuyu, nikafika stesheni ya Iyunga mchana. Reli hii ya kilomita 1,860, kutoka New Kapiri Mposhi nchini Zambia hadi baharini, nimeifundisha darasani miaka mingi: jinsi Tanzania, Zambia na China zilivyoijenga katika miaka ya 1970 ili shaba ya Zambia isitegemee njia za kusini. Kuisikia ikitetema chini ya nyayo ni jambo jingine. Kabla ya kupanda nilinunua kidonge cha kichefuchefu, prometazini, kwa ushauri wa muuza dawa, maana nilihofia kutapika njiani.

Chumba chetu cha daraja la pili kilikuwa na vitanda sita, na sote tulikuwa wanawake. Kitanda cha chini mkabala na changu alikaa mama mmoja wa Kyela, na gunia la mchele amelisukuma mvunguni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Keti, mchele huu hauna makuu.”

Alikuwa na chupa ya chai na ndizi za kuchemsha, akatugawia wote bila kuuliza nani anataka. Makambako tulifika giza limeingia. Treni ilisimama muda, nikashuka kutembea kwenye jukwaa katika baridi ile kali, na nilishukuru kila dakika ya kusimama kwake.

Baada ya Makambako reli hushuka kuelekea Mlimba, na hapo ndipo wajenzi walipotoa jasho jingi kuliko kwingine kote: madaraja na mahandaki yamefuatana kwenye mteremko wa milima. Mimi nilikuwa koridoni, mikono imeshika chuma cha dirisha, natembea kutoka choo cha mwanzo hadi choo cha mwisho wa behewa. Usiku ule ulikuwa mbaya kuliko mwingine wowote ninaoukumbuka. Mchemko ulipanda mapajani, ukafika hadi mikononi. Tukiingia kwenye handaki mngurumo unajaa behewa zima, tukitoka hewa inakuwa ya joto zaidi. Hivyo ndivyo nilivyojua tunashuka.

Mama wa Kyela akatoka amejitanda kanga.

“Mwanangu, mbona hulali? Unaumwa?”

“Ni miguu, mama. Nikiilaza inanichemka, mpaka niitembeze.”

“Mpaka uitembeze,” akarudia, kisha akaniegemea begani. “Nilikuwa nayo hiyo mimba yangu ya mwisho ilipofika miezi saba. Nilizunguka nyumba mpaka jogoo anawika. Nilipojifungua ikaisha.”

Nilimweleza kuhusu bibi yangu, mzaa mama, ambaye tulimsikia uani kila usiku akitembea. Kwetu mwanamke mzee anayeonekana nje usiku wa manane huzuliwa mambo, na wako waliouawa kwa uzushi wa namna hiyo. Mama yangu alimsihi akae ndani. Bibi alikuwa akijibu kwamba ndani miguu haimpi nafasi. Hakuna aliyemuuliza zaidi ya hapo, na aliondoka duniani akiwa na sifa ya uchawi ambayo hakustahili. Hasira niliyo nayo juu ya jambo hilo ndiyo iliyonipandisha treni, kuliko hata usingizi wenyewe.

Alfajiri miguu ikatulia, kama kawaida yake. Wenzangu walipokuwa madirishani wakionyeshana twiga katika pori lililokuwa sehemu ya Selous, mimi nilikuwa nimelala fofofo.

Bingwa niliyemwona Dar alikuwa mama mtu mzima, mpole wa sauti. Hakugusa nyundo mwanzoni. Aliuliza maswali tu: Je, unasikia hamu isiyozuilika ya kusogeza miguu? Huanza au huzidi unapopumzika? Hupungua ukitembea au ukijinyoosha? Huzidi jioni na usiku? Kisha akahakikisha si mkakamao wa misuli, wala uvimbe, wala ganzi ya kisukari. Nilijibu ndiyo mara nne mfululizo, nikajikuta nalia. Alinisubiri. Kisha akasema kwamba tabibu Mwingereza, Thomas Willis, aliandika habari za wagonjwa wa aina yangu mwaka 1672, na Msweden Karl-Axel Ekbom akaueleza ugonjwa kwa ukamilifu mwaka 1945. Wapo wengi kama wewe, akasema, na nusu yao au zaidi wana ndugu wa damu mwenye hali hiyohiyo. Nilimtaja bibi. Akaandika.

Aliniuliza nilimeza nini njiani. Nilipomtajia, jibu lake lilinifanya niuelewe ule usiku wa Mlimba: prometazini huzuia dopamini, kemikali ya ubongo ambayo kwa watu kama sisi tayari haiendi sawa usiku. Metoklopramidi nayo ni hivyo, na vile vidonge vya njano vya mzio na baadhi ya dawa za sonona kama amitriptilini huweza pia kuuzidisha mchemko, ingawa kwa njia nyingine. Niliandika majina yote nyuma ya barua ya rufaa. Karatasi hiyo naionyesha hadi leo kila ninapoandikiwa dawa, na sioni haya.

Damu yangu ilikuwa gramu 12.6, ya kutosha, ndiyo maana hakuna aliyewahi kushuku kitu. Yeye alitaka ferritini, yaani akiba ya madini ya chuma mwilini. Ikatoka 16. Kwa mtu mwingine maabara ingeweza kuipitisha. Kwa mwenye miguu hii, alisema, ikiwa 75 au chini yake inatibiwa, kwa sababu ubongo hutumia chuma kutengenezea dopamini, na damu inaweza kutosha huku ubongo ukiwa na njaa. Aliniuliza kuhusu hedhi nzito na minyoo ya safura. Halafu akauliza ninakunywa chai wakati gani. Mimi ni mtoto wa Rungwe, nimekulia kando ya mashamba ya chai. Tunakunywa asubuhi, mchana na jioni, tena pamoja na chakula. Chai hushika chuma tumboni kisiingie kwenye damu. Akaniandikia kidonge cha chuma siku moja ndiyo, moja hapana, kwa maji ya chungwa, mbali na chai kwa saa mbili, na kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu. Nisimeze kwa mazoea bila kupima, maana chuma kikizidi ni sumu.

Kwa usiku alinipa gabapentini, kipimo kidogo, saa mbili kabla ya kulala. Nilikuwa nimesikia kuhusu pramipeksoli, dawa ya wenye ugonjwa wa Parkinson, kwamba inatuliza usiku uleule wa kwanza. Alikubali kwamba inatuliza. Lakini kwa wengi, baada ya miezi au miaka, mchemko huanza kuja alasiri badala ya usiku, hupanda mikononi, na kila kipimo kikiongezwa hali inazidi kuharibika. Wengine hushikwa na tamaa ya kucheza kamari wasiyoweza kuizuia. Mwongozo wa madaktari wa usingizi wa Marekani uliotoka 2025 nao haushauri dawa za kundi hilo zitumike kwa kawaida. Nafurahi alinieleza kabla, wala hakuniachia nigundue mwenyewe.

Wiki za kwanza gabapentini ilinipa kizunguzungu, na bado zipo jioni ninazotembea. Kwenye vikao nakaa kiti cha pembeni, na nasema sababu kwa sauti. Ferritini ilipanda taratibu. Usiku wa kulala mfululizo ulianza kuja mmoja mmoja.

Jioni ileile ya kliniki, nikiwa bado Dar, nilimpigia simu mama mdogo, mdogo wake mama, na kumuuliza maswali yale manne kama nilivyoulizwa. Alijibu ndiyo kwa yote, halafu akataka kujua nimejuaje, maana hata mumewe hajamwambia. Nilimsomea orodha ya dawa, nikamwambia asinywe chai na chakula. Wiki iliyofuata alipanda gari kwenda Mbeya mjini kupima ferritini.