Bibi Huyu Kazaliwa Wapi?

Swali hilo liliandikwa kwa penseli, kwa mwandiko mdogo uliojificha pembeni mwa ukurasa wa 34 wa mswada wangu. Kabla yake palikuwa na maneno mawili: "Samahani, Mwalimu." Aliyeliandika nilimfundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne. Leo naye ni mwalimu huko Kibondo, ana watoto wakubwa, lakini bado hawezi kunisahihisha bila kwanza kuomba radhi.

(Naandika mswada. Muswada nimewaachia wabunge, na anayetaka kugombana nami juu ya herufi hiyo moja nitamkaribisha siku nyingine.)

Bibi anayeulizwa ni mama mzaa baba wa kijana ninayemsimulia, kijana wa milima ya Kasulu aliyekwenda kukata mkonge Tanga mwaka 1961. Katika ukurasa huo bibi anamuaga mjukuu wake. Nilikuwa nimemwandikia maneno matamu, nami nilijisifu nilipoyaandika. Alimwonya mjukuu juu ya pepo za kusi, akamwambia ngalawa haivuki kwa tanga lililochanika, akamtaka aangalie maji kabla ya kutia nanga. Nilipolisoma swali lile nilikasirika kwa muda wa kama nusu saa. Kisha nikacheka peke yangu. Bibi yule hakuwahi kuiona bahari. Hata Ziwa Tanganyika hakuwahi kulishukia. Aliishi kati ya migomba, maharage na ng'ombe, mahali ambapo mwezi wa Juni watu huota moto asubuhi, nami nilikuwa nimemvisha kanga ya Mombasa na kumtia mdomoni lugha niliyoisoma vitabuni nilipokuwa chuo cha ualimu.

Kwa miaka zaidi ya thelathini nilisahihisha insha za watoto wa watu. Niliandika "Fafanua" na "Nani anasema?" kwa kalamu nyekundu mara nyingi kupita kiasi. Nilipostaafu na kuanza riwaya yangu katika makaunta buku matatu, nilidhani macho yale yale yangenitosha mimi mwenyewe. Hayakutosha. Mtunzi wa shairi ana bahati ambayo mwandishi wa riwaya hana. Beti zake kumi anaweza kuzighani jioni moja mbele ya wenzake, na akaona kwenye nyuso zao ni mshororo gani umeanguka. Sisi wa riwaya hukaa na kurasa mia mbili kwa miaka mitatu bila kuona uso wa mtu. Kufikia hapo mwandishi hausomi tena mswada wake, anausoma ule ulio kichwani mwake.

Msomaji wangu wa kwanza hakuwa yule wa Kibondo. Alikuwa rafiki yangu, malenga hodari, mtu wa vina na mizani. Nilitoa kopi pale steshenari, nikampelekea kwa furaha kubwa. Aliurudisha baada ya wiki mbili ukiwa mwekundu kama barabara zetu kabla ya lami. Alikuwa amenyoosha upatanisho wa sarufi, ameondoa "kwamba" zilizorudiwa, na mahali pengi amebadilisha neno la kawaida kwa neno zito. Namshukuru, kwani makosa yalikuwa makosa. Lakini nilipomuuliza kijana wangu aliondoka nyumbani kwa sababu gani, alishindwa kunijibu. Alikuwa amesoma sentensi zote, na hadithi ikampita. Kosa lilikuwa langu pia, kwa kuwa nilimwambia "nisaidie kupitia," na kwa mwalimu mwenzangu neno hilo lina maana moja tu.

Nikajifunza kuuliza vizuri. Huku kwetu ukimuuliza mtu "Umeionaje kazi yangu?" umemfunga mdomo. Atasema ni nzuri sana, hongera, Mungu akuzidishie. Adabu haimruhusu kusema jingine, hasa kama wewe ni mkubwa wake. Kwa hiyo yule mwalimu wa Kibondo nilimwomba mambo mawili tu: aweke alama pale alipouweka mswada chini akaenda kufanya kazi nyingine, na aandike swali pale asipoamini. Sikumwomba marekebisho. Heshima iliyomzuia kunisahihisha haikumzuia kuuliza. Mtoto mwenye adabu huruhusiwa kuuliza, nadhani ndiyo sababu penseli yake ilifanya kazi ambayo kalamu nyekundu haikuifanya.

Jambo hili la bibi lilinikumbusha Kamirithu, kule Limuru nchini Kenya. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika kwa Kikuyu tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, wakaifanyia mazoezi mahali pa wazi, mbele ya wanakijiji. Wakulima, wafanyakazi wa mashamba na wa kiwandani, wengine wasiojua kusoma, waliisikiliza na kuikosoa. Waliojua mishahara ya mashambani waliitia maelezo yake sahihi. Wazee nao walieleza jinsi mzee anavyosema na asivyosema, na methali ipi haiwezi kutoka katika kinywa kipi. Ngũgĩ alikuwa profesa na mwandishi mwenye riwaya kadhaa, na bado alikubali kufundishwa lugha yake mwenyewe. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo mwaka ule ule, na mwisho wa Desemba yeye akawekwa kizuizini. Mimi hunipendeza zaidi kuyafikiria yale mazoezi kuliko marufuku. Na miaka kumi na mitano kabla ya hapo, Juni 1962, Ngũgĩ huyo huyo, wakati huo mwanafunzi wa Makerere akiitwa James Ngugi, alimpa Chinua Achebe mswada wake mkutanoni Kampala ili ausome. Achebe alikuwa mgeni mwenye shughuli zake, lakini aliusoma na kumpa maoni. Kitabu kilitoka mwaka 1964, Weep Not, Child.

Narudi kwa bibi yangu. Mwalimu wa Kibondo, baada ya kuona sikukasirika (hakujua ile nusu saa), alinipigia simu akapendekeza dawa: nimfanye bibi azungumze Kiswahili kilichovunjika, chenye lafudhi ya Kiha, wasomaji wapate kumjua. Nilikataa, na hadi leo naona nilifanya sawa. Bibi yule katika lugha yake havunji neno. Ni msemaji bora kuliko mimi. Kumvunjia Kiswahili ni kumfanya kichekesho kwa ajili ya watu wa mijini. Nilichofanya ni kuitoa bahari na kuacha kimya zaidi. Sasa bibi anamwambia mjukuu kwamba moto wa jirani hauazimwi mara mbili kwa siku, kisha anamuuliza kama amefunga mihogo yake vizuri. Sentensi zile tatu zilinichukua muda mrefu kuliko sura nzima. Msomaji alikuwa ameona sawasawa mahali palipouma. Dawa ilikuwa juu yangu.

Msomaji wa tatu hakusoma. Ni mzee wa zaidi ya miaka themanini, wa kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa Kasulu, mmoja wa wale walioitwa manamba. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamwomba ruhusa nimsomee. "Soma, Mwalimu," akasema, "ila usisome upesi kama redio." Nilimsomea siku nne.

Siku ya kwanza alinisimamisha kwenye treni. Kijana wangu alipanda Kigoma akashuka Korogwe. "Reli gani hiyo?" Nikasema reli ya kati. Akacheka hadi akakohoa. Reli ya kati na reli ya Tanga zilikuwa hazijakutana bado. Kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilichoziunganisha kilijengwa mwaka 1963. Wao walishuka njiani wakapakiwa kwenye malori, na alikumbuka baridi ya usiku ule kwenye bodi la lori kuliko alivyoikumbuka treni. Mimi niliyefundisha watoto kuchora ramani ya reli sikuwahi kujiuliza reli ile ilikuwa na umri gani.

Siku ya pili ilikuwa harufu. Nilikuwa nimeandika kwamba shamba la mkonge lilinukia majani mabichi. Mzee alisema nilipofika hapo alijua sijawahi kusimama karibu na korona, mashine ile ya kutoa nyuzi, maana uozo wa masazo yake huwezi kuusahau hata ukioga mtoni mara saba. Akanieleza utomvu unavyowasha ngozi, na jinsi majani yanavyofungwa matita kabla ya kuhesabiwa. Akanieleza pia kipande, ile kadi ya siku thelathini za kazi: siku ambayo hukumaliza sehemu yako haikuandikwa, hata kama umekata tangu alfajiri. Makosa yote hayo niliyasahihisha kwa usiku mmoja, kwa raha.

Siku ya tatu ndiyo iliyonichukua miezi minane.

Lazima niseme hapa kile ambacho sikumwambia mzee. Baba yangu aliondoka Kasulu mwaka 1961, mimi nikiwa na umri wa miaka mitatu. Hakurudi. Tulipouliza, mama alisema amezuiwa. Nilikua na neno hilo, nikaliandikia riwaya. Katika mswada wangu nyapara mwenye chuki anaficha kipande cha kijana, na bila kipande hawezi kuthibitisha siku zake, hapati tikiti, hawezi kurudi. Sura sita zimesimama juu ya nyapara huyo.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akanyamaza kidogo, kisha akasema nyapara mbaya walikuwepo, na siku waliiba, na kipande cha mwezi mmoja kiliweza kuburutwa hadi miwili. "Lakini mkataba ulipoisha, Mwalimu, SILABU walikurudisha. Nauli ilikuwa ndani ya mkataba. Mimi nilirudishwa. Tuliokwenda wote tulirudishwa. Aliyebaki, alibaki mwenyewe." Akaongeza, pole pole, kwamba waliobaki hawakuwa watu wabaya. Wengine walioa huko. Wengine waliona aibu ya kurudi mikono mitupu. Kisha akaniuliza: "Huyu kijana wako ni nani?"

Nikamjibu ni mtu wa kubuni.

Njiani nilijitetea vya kutosha. Nilijiambia riwaya si historia, mwandishi ana uhuru wake, msomaji wa Mombasa au Bujumbura hatajua habari za nauli. Yote ni kweli. Wakati huo rafiki yangu malenga alikuwa akinihimiza niupeleke mswada kwenye tuzo. Siku hizi zipo zinazopokea miswada, kama ile iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na ile ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Ningeweza kuupeleka ulivyo. Nilijua hata hivyo kwamba nyapara yule sikumbuni kwa ajili ya hadithi. Nilimbuni kwa ajili yangu. Ndiyo maana alikuwa mhusika mbovu kuliko wote, na yule wa Kibondo, ambaye hakujua lolote juu ya baba yangu, alikuwa ameandika mbele ya jina lake karibu kila lilipotokea: "Samahani, Mwalimu. Kwa nini anamchukia?" Nilikuwa nimeliona swali hilo mara tano na kulipita.

Nilizifuta sura sita. Kijana sasa anapata tikiti yake. Anaishika, anaitazama, na treni inaondoka bila yeye. Kuandika sababu ndiyo iliyokuwa kazi ya miezi minane, na sidhani nimeimaliza, ila angalau simchukii tena kijana huyo wala simwonei huruma ya bure.

Mwezi uliopita nilisafiri hadi Kibondo kwa dada yangu mkubwa, aliyeolewa huko, nikamsomea sura hizo mpya na ile ya kuondoka. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua macho. Nilipofika pale kijana anapoitazama tikiti, mikono yake ilisimama. "Mama alijua," akasema. Nikangoja. Hakuongeza kitu.

Baadaye akaniambia niondoe mahali mama anapolia kando ya barabara. Nikamuuliza, hakulia? "Siku ile alikuwa shamba la mbali, analima. Baba aliondoka yeye hayupo. Mimi ndiye niliyekuwa barabarani, nimekubeba mgongoni." Akataka nimsomee tena aya ya kwanza ya sura hiyo, ile ya shati jeupe. Nikaisoma.

"Halikuwa jeupe, mdogo wangu. Lilikuwa la kaki, na kifungo cha juu hakikuwepo."

Nikamwomba mjukuu wake anitafutie penseli.