Fito za Mwaka Huu na Fito za Mwakani

Kutoka uwanja wa ndege wa Portland, barabara kuu namba 5 inakufikisha Salem, makao makuu ya jimbo la Oregon, kwa mwendo wa saa moja hivi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga Marekani, na nilichokodolea macho njia nzima ni vichaka vya miiba. Vilikuwa kila mahali: chini ya madaraja, kwenye kingo za vijito, juu ya uzio wa mashamba hadi uzio wenyewe hauonekani. Julai ilikuwa imeanza, na kwenye tawi moja ungekuta maua na matunda mabichi.

"Hayo usiyasifu, mwanangu," alisema Mama mdogo, mikono kwenye usukani. "Hayo ndiyo adui yetu hapa."

Ni blakiberi ya Himalaya, japo asili yake si Himalaya bali ni Armenia na kaskazini mwa Iran. Luther Burbank, mzalishaji maarufu wa mimea kule California, ndiye aliyeileta Marekani mwaka 1885 na kuisambaza kwa jina hilo. Tunda lake ni tamu kweli, ila ncha ya tawi lake ikigusa udongo tu huota mizizi na kuanzisha kichaka kingine, nao ndege humeza mbegu na kuzipeleka mbali. Kwetu Lushoto ndugu wa mmea huu huota pembezoni mwa misitu ya Usambara, na tukitoka shule tulikuwa tukichuma matunda yake bila kujali mikwaruzo. Huko hakuna anayeuita adui. Wala hakuna anayeupanda uani, na namna unavyopandwa uani ndicho nilichotaka kukiona Salem.

Uani kwa Mama mdogo kuna mistari miwili. Mmoja unafuata ukuta wa nyumba, mwingine uko upande wa wazi unakopita upepo. Aina aliyopanda inaitwa Marion, na hapo ndipo kwao hasa: ilizalishwa na George Waldo, mtafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani aliyefanya kazi Corvallis, ikafanyiwa majaribio katika wilaya ya Marion, ambayo makao yake ni hiyo hiyo Salem, ikatolewa kwa wakulima mwaka 1956 ikiwa na jina la wilaya. Haijisimamii yenyewe. Hutambaa, na tawi moja laweza kufika mita 6, kwa hiyo lazima iwe na nguzo na nyaya mbili: wa juu kama mita 1.8 kutoka ardhini, wa chini kama mita 1.4.

Asubuhi ya kwanza Mama mdogo alinichuchumaza kwenye shina moja kabla hata ya chai. Mizizi ya blakiberi huishi miaka mingi, lakini kila ufito unaochipuka kutoka chini una miaka miwili tu. Mwaka wa kwanza hurefuka na kutoa majani. Wa pili hutoa maua, huzaa, kisha hufa. Shinani pale pale nikaziona zote mbili. Fito za mwaka wa pili zilikuwa kahawia, ngumu, gome limeanza kuchanika, zimefungwa kwenye waya na kulemewa na matunda. Chini yake, juu ya matandazo ya vumbi la mbao, zililala fito mpya za kijani, laini, zenye miiba ambayo bado ilikuwa myekundu. Wengi wanaolalamika kwamba blakiberi yao ina majani mazuri na haizai hata tunda moja huwa wamepitisha mkasi bila kutofautisha, wakakata zile za kijani ambazo ndizo mavuno ya mwakani. Zipo aina zinazozaa kwenye ufito wa mwaka wa kwanza, lakini Marion si mojawapo. Kwa hiyo kabla ya kushika mkasi, piga magoti uangalie gome. Sijaona ushauri wa bustani ulio mfupi na wenye faida kuliko huo.

Kuchuma nako kuna namna yake. Tunda jeusi linalong'aa bado ni chachu. Ngoja hadi mng'ao ufifie, uliguse kidogo, nalo litakuachia lenyewe pamoja na kiini chake cheupe cha katikati.

Kwenye mstari wa upande wa wazi tulikuta matunda yenye punje nyeupe upande mmoja, ule unaotazama jua la alasiri. Nilidhani ni ugonjwa. Ni jua. Tarehe 28 Juni 2021 Salem ilifika nyuzi joto 47, na Mama mdogo anakumbuka matunda yaliyoivia kwenye waya kama yaliyochemshwa. Siku za joto kali sasa hutandika wavu wa kivuli upande huo, na hamwagilii majani; maji hupita kwenye mpira wa matone, kiasi cha sentimita 2.5 kwa wiki, na zaidi matunda yanaponenepa, maana kiangazi cha huko mvua karibu haipo.

Shida iliyonigusa zaidi ilikuwa kwenye bakuli. Baadhi ya matunda, mazuri kwa nje, yalianza kutoa maji mapema. Mama mdogo akakoroga chumvi kwenye maji ya uvuguvugu, akayatumbukiza, tukasubiri kama robo saa. Wakaanza kutoka: funza weupe, wembamba kuliko punje ya mchele, wakijinyonganyonga juu ya maji. Ni wa nzi mdogo kutoka Asia aliyeonekana California mwaka 2008 na Oregon mwaka uliofuata. Nzi wengine wa jamii yake hungoja tunda lioze. Huyu jike lake lina msumeno mdogo wa kutagia, na hulitoboa tunda zima linapoanza kuiva. Dawa zipo, lakini Mama mdogo hataki kunyunyizia kitu ambacho wajukuu watakula dakika hiyo hiyo, nami nakubaliana naye kabisa. Anachuma kila baada ya siku moja au mbili, haachi tunda lililoanguka, na mavuno yanaingia kwenye friji mara moja.

Shina moja lilinyauka ilhali udongo ulikuwa na unyevu. Alivuta ufito, ukakatikia chini kabisa, na ndani ya kitako tukamkuta kiwavi mweupe wa nondo anayetafuna shina. Hilo liling'olewa, likatiwa kwenye mfuko na kutolewa uani. Pengo hilo asingelijaza kwa miche kutoka sehemu iliyokuwa na nyanya au viazi, kwa sababu ukungu wa kunyausha hubaki udongoni miaka na kuingia kwenye blakiberi.

Agosti mavuno yalipokwisha, tukakata fito kuukuu zote hadi chini. Hapo ndipo ukazuka ubishi. Jirani yake Mama mdogo, mzee wa Kikongo kutoka Uvira aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya beri, alikuja akasimama mlangoni mwa uzio. Mama mdogo alitaka fito mpya zifungwe wakati ule ule.

"Ngoja Februari, mama," alisema mzee. "Baridi ikija kali, za juu ya waya zitaungua. Za chini zinajificha."

"Na mavuno, mzee wangu? Za Agosti zinazaa zaidi."

Wote wawili walikuwa sahihi. Ndivyo ilivyoonekana hata kwenye majaribio ya watafiti wa Oregon. Walibishana kwa heshima hadi chai ikaletwa. Mwisho wakakubaliana mstari wa ukutani, unaokingwa na nyumba, ufungwe sasa, na ule wa upande wa upepo ubaki chini hadi Februari. Tukachukua kamba, tukaanza na wa ukutani, ufito mmoja mmoja: unapanda hadi waya wa juu, unazungushwa, unarudishwa kwa waya wa chini.