Jina la Maradhi Lisituue Kabla ya Maradhi

Ndugu msomaji, huenda nawe umewahi kushika cheti cha daktari, ukasoma neno moja tu, na nguvu zikakuishia miguuni. Mimi yalinipata mwaka 2018 kule Chato, kando ya Ziwa Viktoria, nyumbani kwa dada yangu.

Kwa muda wa mwaka mzima tumbo lake lilikuwa limejaa na likimuuma chini ya kitovu. Majirani hawakukosa majibu. Wengine walisema ni kichocho, maana sisi watu wa ziwani tumekulia ndani ya maji hayo. Wengine walinong'ona kwamba ametupiwa kitu. Hatimaye tulivuka kivuko cha Busisi hadi Mwanza. Huko alipigwa picha, akapasuliwa, na vivimbe vilivyotolewa vikapelekwa kupimwa kwa hadubini.

Majibu yaliporudi yalikuwa kwa Kiingereza, na aliyetukabidhi hakuwa na nafasi ya kutueleza. Tukarejea nayo Chato. Mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, alilitafuta katika simu neno moja aliloliona kubwa kuliko mengine: mesotelioma. Akatusomea kwamba ni saratani iletwayo na vumbi la asbesto, na kwamba wengi wa wagonjwa hawafikishi miaka miwili.

Usiku ule hakuna aliyelala. Dada alifungua sanduku lake, akaanza kuwagawia binti zake vitenge. Nasi wa upande wake tukamgeukia shemeji. Yeye husaga mawe ya dhahabu kwenye karasha huko Geita, na kila arudipo nguo zake huwa zimepauka kwa vumbi, na dada ndiye huzifua. "Mkwe," shangazi alimwambia, "vumbi lako ndilo linalomwua binti yetu." Hakujibu neno. Alizichukua nguo zile, akazichoma moto nyuma ya nyumba.

Siku ya tatu nilirudi Mwanza na cheti kile. Daktari mwingine aliniketisha, akaweka kidole juu ya maneno ambayo sisi tuliyaruka. Yalisema kwamba uvimbe huo ni wa vifuko vingi vya maji, tena si saratani.

Yafaa nikueleze kama nilivyoelezwa. Mapafu, moyo na matumbo yetu hufunikwa na utando mwembamba wenye ute, ili viungo visisuguane. Uvimbe unaoota kutokana na chembechembe hai za utando huo huweza kuitwa mesotelioma. Basi hilo ni jina la ukoo, na ndugu wa ukoo mmoja hawalingani tabia.

Yupo aliye mkali. Huyo ndiye aliyeelezwa mwaka 1960 na daktari Wagner na wenzake, walioandika habari za wagonjwa 33 huko Afrika Kusini, karibu wote wakiwa watu waliowahi kuishi au kufanya kazi penye asbesto. Tangu mtu avute vumbi hilo hadi ugonjwa ujitokeze, aghalabu hupita miaka 20 hadi 50.

Na yupo aliye mpole, ambaye huota tumboni kama vifuko vya maji vilivyoshikana mithili ya shada la zabibu. Huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ni nadra mno, hata vitabu vya tiba vya dunia nzima vimeandika wagonjwa mia chache tu. Haukuonekana kuhusiana na asbesto. Wengi wa wagonjwa wake waliwahi kupasuliwa tumbo, au kuugua via vya uzazi. Ndiyo maana baadhi ya wataalamu huona kwamba ni utando uliojeruhiwa, ukajitibu kupita kiasi. Dada yangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji mara mbili.

Lakini upole wake usitufanye tubweteke. Vifuko hivyo huweza kurudi, na katika baadhi ya hesabu vimewarudia hata nusu ya waliopasuliwa. Kugeuka saratani ni jambo la nadra sana, lakini kurudi kupimwa hakuna budi.

Na shemeji? Vumbi la mawe ya dhahabu lina silika, wala halikuwa chanzo cha uvimbe ule. Hata hivyo nalo lina madhara yake: huyatia makovu mapafu ya anayelivuta na kuufungulia mlango ugonjwa wa kifua kikuu. Yafaa mawe yaloweshwe kabla ya kusagwa, pua zifunikwe, na nguo za kazi zisiletwe nyumbani. Nilimweleza hayo, kisha nikamwomba radhi kwa niaba ya ukoo wetu. Alitabasamu kidogo, akasema, "Shemeji, nguo zile nilizinunua mwezi huu huu."

Mwaka 2021 vifuko vichache vilirudi, vikatolewa. Dada bado anauza dagaa sokoni, na vitenge vyake binti zake walimrudishia, ila kimoja.

Ndugu msomaji, ukipewa cheti usichokielewa, usiondoke mlangoni. Uliza kwa Kiswahili: Je, hii ni saratani, au si saratani? Kinyama kilichokatwa kimepimwa kwa hadubini? Nirudi lini? Asiye na nafasi ya kukujibu leo, mwombe akuelekeze kwa mwenye nafasi, kwa maana ni haki yako. Kuuliza si ujinga. Sisi tulikosa kuuliza swali moja tu, na kwa siku tatu tulimlilia mtu aliye hai na kumhukumu mtu asiye na hatia.