Kutoka Kaloleni Hadi Bonde la Lambwe



Jumamosi iliyopita tulikuwa wageni wa jamaa zetu wa Kaloleni ya Kisumu, si Kaloleni ya Kilifi mnayoijua. Baada ya sala ya Alfajiri tulipanda basi dogo, familia nne, tukapita mashamba ya mpunga ya Ahero, tukafuata njia ya Homa Bay, kisha tukateremka bonde la Lambwe, iliko Mbuga ya Taifa ya Ruma.

Kabla ya kuondoka, bibi mmoja mwenyeji aliwaambia kina mama, "Wanangu, leo acheni mabuibui meusi. Jistirini kwa madera ya rangi ya udongo." Tulidhani ni mzaha. Kumbe mbung'o huvutwa na rangi nyeusi na ya buluu. Kaka yake bibi alifariki kwa malale, na tangu hapo hakuwahi kurudi Lambwe.

Upande mmoja wa bonde ukingo wa Kanyamaa umesimama kama ukuta; upande wa pili ni milima ya Gwasi. Katikati ni nyasi ndefu, migunga, na twiga wasio na haraka. Tulikwenda kumtafuta korongo. Katika lugha yetu korongo ni bonde lililochimbwa na maji. Ni pia swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe, ambaye Kenya nzima amebaki Ruma peke yake. Kwa ajili yake eneo hili lilihifadhiwa mwaka 1966, likawa mbuga ya taifa 1983. Waliopelekwa Shimba Hills, kwetu Kwale, walitoweka. Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu 15 tu.

Hatukumwona. Watoto wakanung'unika. Bibi akasema, "Mbung'o aliyemuua kaka yangu ndiye aliyezuia majembe humu. Bila yeye, nyasi hizi zingelimwa zamani." Akanyamaza, kisha akaomba maji ya udhu.

Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, chini ya mgunga. Mara ngapi tumesema mimbarini kuwa mja huchukia jambo lenye kheri ndani yake! Siku hiyo tulilisikia kwa aliyelilipia.

Leo mbung'o wamepungua, na ulinzi wa korongo umebaki kwetu wanadamu. Hiyo ni amana. Mkienda, chukueni maji ya kutosha, nguo za rangi hafifu, na watoto wenu.

Wabillahi tawfiq.