Samaki Mmoja Zaidi



Wapendwa waamini na wasomaji wetu, hivi karibuni, baada ya kutafakari Injili ya Petro na nyavu zilizojaa samaki hata zikaanza kukatika, kijana mmoja alituuliza mlangoni pa kanisa iwapo padre naye amewahi kuvua. Tulicheka, tukamjibu kwamba ndiyo, tena kwa ndoano iliyovikwa manyoya. Hatukumweleza yaliyofuata. Leo twapenda kuyasimulia, kwa kuwa yametukaa moyoni kwa zaidi ya miaka kumi.

Mwezi Septemba mwaka 2013 tulikuwa masomoni nchini Marekani, na siku za mwisho wa juma tukisaidia katika parokia moja ya kisiwa cha Long Island, New York. Muumini mmoja, nahodha wa mashua ndogo, alitualika Montauk, ncha ya mashariki ya kisiwa hicho, pale unaposimama mnara wa taa uliokamilika mwaka 1796. Tuliagana kutoka alfajiri na kurejea bandarini saa nne asubuhi. Simu yetu tuliiacha garini, tukihofia isiharibiwe na maji ya chumvi.

Samaki tuliyemwendea huitwa striped bass, naye ana milia myeusi ubavuni toka shavuni hata mkiani. Huzaliwa majira ya kuchipua katika maji matamu, hasa mito inayoingia Ghuba ya Chesapeake na mto Hudson. Akikua huingia baharini, hupanda kaskazini wakati wa kiangazi, na majira ya vuli hushuka tena kusini. Katika safari hiyo ya kurudi hupita Montauk, ambako mkondo wa maji ukikutana na miamba husukuma dagaa kwa makundi makubwa. Hapo ndipo hutokea lile jambo ambalo wenyeji huliita blitz, neno la Kijerumani lenye maana ya umeme wa radi.

Kwanza tuliona ndege. Shakwe na membe walikuwa wakizunguka mahali pamoja, kisha wakajitupa majini kama mawe. Chini yao bahari ilikuwa na doa la rangi ya kahawia, pana kama uwanja wa kanisa letu: nao walikuwa dagaa, maelfu kwa maelfu, waliojikunja kuwa kundi moja kwa hofu. Samaki wa milia waliwazingira kutoka chini na kuwasukuma juu, mpaka dagaa wakakosa pa kukimbilia. Maji yalichemka. Sauti yake ilikuwa kama mvua kubwa juu ya bati. Migongo, mikia na midomo iliyo wazi vilionekana kwa pamoja, na harufu ya samaki ikajaa hewani.

Nahodha hakuiendesha mashua katikati yao, kwani mngurumo wa injini huwatawanya na kuwazamisha. Aliizima mbali kidogo, upande unakotoka mkondo, akaiacha ielee kuwaendea. Alitupatia ufito wa futi 9 na mshipi mzito, kwa maana katika uvuvi wa namna hii chambo hakina uzito wowote. Uzito wa mshipi wenyewe ndio unaokibeba hewani. Chambo chenyewe huitwa nzi, ingawa cha baharini hufungwa kwa nywele na manyoya ili kifanane na kidagaa.

Tulikirusha katikati ya vurumai, tusipate kitu. Mara ya pili vivyo hivyo. Nahodha akasema, "Padre, pale katikati chambo chako ni kimoja kati ya elfu kumi. Tupa pembeni, kiache kizame kidogo. Wakubwa wako chini, wanaokota wanaojeruhiwa." Tulimtii. Mshipi ukakazika ghafla, ukatuchoma vidole.

Samaki yule alipofika ubavuni mwa mashua, tuliona jambo ambalo hatujalisahau. Koo lake lilikuwa limejaa dagaa hata mikia yao ilichungulia kinywani. Hakuwa na mahali pa kuweka hata mmoja, na bado alikuwa ameng'ata ndoano yetu. Nahodha alisema kwamba wakati huo samaki hali tena kwa njaa. Hula kwa sababu wenzake wanakula. Tulimwona samaki yule kuwa mpumbavu, tukamrudisha majini, tukatupa tena.

Naam, wapendwa, tulitupa tena. Vurumai ilizama, ndege wakahama, tukawafuata. Saa nne ilipofika tuliitazama saa mkononi, tukasema: samaki mmoja zaidi. Nahodha alituuliza kama tugeuze, nasi ndio tuliosema bado. Tulinasa na kuachilia samaki 12. Tuliingia bandarini saa saba mchana, tumeungua jua, tunaimba.

Garini simu ilikuwa na miito sita, wa kwanza wa saa nne na robo. Mzee mmoja wa parokia, aliyekuwa mgonjwa kwa muda mrefu, alikuwa ameomba padre aje kumwungamisha. Paroko alikuwa safarini. Zamu ilikuwa yetu. Tulipofika kitandani pake alikuwa angali hai, lakini kauli ilikuwa imekatika. Tulimpaka Mafuta Matakatifu, tukasali pamoja na jamaa yake. Mkewe hakutulaumu. Alisema tu, "Alikungoja mpaka saa sita, Padre. Kulikuwa na jambo alilotaka kulisema." Mzee alifariki jioni ile. Jambo hilo hatukulijua.

Twaamini huruma ya Mungu haikuzuiwa na kuchelewa kwetu. Lakini imani hiyo ni faraja kwa ajili ya mzee, wala si udhuru kwa ajili yetu.

Baadaye tulisoma habari za samaki wale. Walikuwa wamepungua mno, hata Maryland ikapiga marufuku kuwavua kuanzia mwaka 1985 hadi mwaka 1990, nao wakaongezeka. Mwaka 1995 ikatangazwa kwamba wamerejea. Mwaka 2019 tathmini mpya ilionyesha kwamba wamevuliwa tena kupita kiasi. Jambo moja lilituchoma zaidi. Wataalamu wanaosimamia uvuvi huo wamekuwa wakikadiria kwamba asilimia 9 ya samaki wanaonaswa kwa starehe na kuachiliwa hufa baadaye, kwa majeraha au uchovu. Kati ya wale 12 wetu, yamkini mmoja alikufa mahali tusipopaona. Nasi tulikuwa tukijisifu kwamba hatukumdhuru yeyote.

Ndugu zetu, hatusemi kwamba kuvua ni dhambi, wala kwamba furaha ya asubuhi ile ilikuwa mbaya. Ilikuwa njema, na Mungu aliyeumba bahari hatuonei wivu. Kosa halikuwa katika samaki wa kwanza. Lilikuwa katika yule aliyefuata saa nne, tulipokuwa tumekwisha kushiba. Nanyi mnazo vurumai zenu: msimu wa mavuno, biashara za mwezi Desemba, mazungumzo yasiyokwisha kwenye simu, mikutano, hata shughuli za kanisa. Kila mmoja anatupa ndoano kwa sababu wenzake wanatupa, na aliye nyumbani anangoja. Gharama ya "mmoja zaidi" mara nyingi hulipwa na mtu tusiyemwona.

Tangu siku ile tumejiwekea desturi ndogo. Tukienda popote kwa starehe, saa ya kuondoka tunaitaja kwa sauti mbele ya mwenzetu kabla hatujaanza, na simu tunakaa nayo. Siyo rahisi, kwa kuwa mara nyingi saa hiyo hutukuta samaki wangali wanaruka. Tunaondoka.

Mwombeeni mzee yule, nasi mtuombee. Tunawatakieni juma lenye baraka.