Meno ya Bibi na Siku 67

Jino la mbele liking'oka huondoka na herufi zake. Atakaye kulijua hili kwa hakika na amsikilize mtu mzima aliyepotewa na meno ya juu akijaribu kughani. F na v hugeuka pumzi tupu. Th na dh humwacha ulimi ukitafuta pa kuegemea usipate. Neno "vina", ambalo ni miongoni mwa ya mwanzo kufundishwa mwanafunzi wa mashairi, halitamkiki tena, na mghani aliyeishi kwa vina hubaki hana hata jina la kuviitia.

Ndivyo ilivyomfika bibi mmoja wa Wete, kisiwani Pemba. Katika ujana wake hakuachwa nyuma katika arusi wala katika mikusanyiko ya wanawake, kwani sauti yake ilijulikana. Alipovuka miaka sabini, meno yake manne ya juu yalikuwa yamekwenda, moja baada ya jingine. Hakulalamika. Aliacha tu. Akiombwa huvuta ncha ya ushungi mdomoni, akacheka, akasema mashairi ni ya wenye meno.

Mjukuu wake alikuwa Silver Spring, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, alikokwenda na mama yake akiwa na umri wa miaka tisa. Kimya kile alikipokea kwa simu. Alikuwa amezoea kughaniwa ubeti mmoja kila Ijumaa kabla ya kuagana. Ijumaa moja ubeti haukuja, wala Ijumaa iliyofuata. Alipoulizwa baadaye kwa nini alichagua udaktari wa meno, na si wa moyo au wa watoto kama wenziwe, hakuwa na jibu refu. Alisema bibi yake hawezi kutamka vina.

Nyumbani Tanzania anayetaka kusomea meno huingia chuoni kwa matokeo ya kidato cha sita, na Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikifundisha fani hiyo tangu mwaka 1979. Marekani njia ni ndefu zaidi. Kwanza mtu husoma chuo kikuu miaka mitatu au minne, kisha hukabiliwa na mtihani wa kuingilia skuli za meno, uitwao DAT kwa kifupi, ambao Jumuiya ya Madaktari wa Meno ya nchi ile imekuwa ikiuendesha kwa taifa zima tangu mwaka 1950. Katika miaka ya mwanzo mtahiniwa alipewa kipande cha chaki na kisu, akatakiwa achonge umbo alilooneshwa, ili wajulikane wenye mikono mitulivu. Uchongaji huo uliondolewa mwaka 1972, yakaja maswali ya kupima jicho badala ya kiganja. Siku hizi mtu hukaa mbele ya kompyuta, akajibu maswali 280 kwa dakika 255. Maswali 100 ya biolojia na kemia hupewa dakika 90. Maswali 90 ya maumbo hupewa dakika 60. Fizikia haimo, na kwa hilo binti alimshukuru Mungu kwa sauti.

Alimaliza shahada yake mwezi wa Mei mwaka 2019. Maombi ya skuli za meno hupokewa kuanzia mwanzoni mwa Juni, na skuli nyingi huyasoma kwa kadiri yanavyofika. Achelewaye hukuta viti vimekwisha kukaliwa. Kituo cha mitihani kilichokuwa karibu naye kilimpa tarehe 12 Julai. Alianza kuhesabu kutoka Jumatatu ya tarehe 6 Mei, akapata siku 67. Jumatatu hiyo ilikuwa mwezi mosi Ramadhani.

Wasomaji wa visiwani, ambao jua lao huchwa saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, hawana budi kuambiwa kwamba mwezi wa Mei huko Maryland jua huchwa baada ya saa mbili usiku, na saumu hukaribia saa 16. Binti alikuwa na kazi katika duka la dawa, kuanzia alasiri hadi usiku. Alifuturu amesimama nyuma ya rafu za dawa, tende mbili na maji. Akirudi alikuwa hajiwezi. Aliuchunguza mwili wake ukamwambia kwamba saa zake za akili ni zile za baina ya daku na asubuhi, basi akazikamata hizo. Saa tisa za usiku alikula na mama yake, wakasali, mama akenda kulala kidogo kabla ya kwenda kazini kwake kuwahudumia wazee, na yeye akafungua kemia mpaka saa mbili. Saa tano kwa siku ndizo alizokuwa nazo. Wenziwe walimwambia wao wana kumi.

Mshahara wa duka la dawa ulikuwa na kazi mbili. Sehemu ilikuwa ya nyumba na ya ada ya mtihani. Sehemu nyingine ilikwenda Pemba kila mwezi, ikakaa kwa mjomba wake, ikingoja itimie ya kumvusha bibi bahari hadi mjini Unguja na kumtengenezea meno ya bandia. Hesabu ilikuwa imefika zaidi ya nusu. Sasa, ili apate saa za kusoma, hana budi kupunguza usiku wa kazi. Na kila usiku anaoupunguza unatoka katika kinywa cha bibi yake. Aliketi na karatasi akaandika pande mbili. Mtihani akifaulu, atakuwa daktari baada ya miaka mitano kwa uchache, na bibi wakati huo atakuwa na umri gani, hilo hakuliandika. Akiendelea kutuma pesa, bibi atapata meno kabla ya mwaka kwisha, na yeye huenda asiyapate maisha yake. Alipunguza usiku watatu kwa wiki. Mwezi wa Juni hakutuma kitu.

Hakumwambia bibi. Alimwambia mama, na mama, kama ilivyo ada ya mama, alimwambia bibi. Ijumaa ya pili baada ya Idi simu ilipopigwa, bibi hakusubiri kuamkiwa mara ya pili. "Usiyakimbilie meno yangu," alisema. "Yangu yashatoka, hayana tena pa kutoka. Wewe soma." Kisha akauliza kama huko kuna joto.

Jambo lililomtesa katika mtihani ule halikuwa ugumu wa maswali. Mengi aliyajua, ila aliyajua polepole. Swali moja la sayansi lilikuwa na sekunde 54, na swali la maumbo sekunde 40, naye alikuwa mtu wa kuligeuza jambo mara tatu kabla ya kulisadiki. Saa ya ukutani ilimtia hofu. Kila akiitazama alipoteza nyingine kumi. Usiku mmoja alifungua sauti aliyokuwa ameihifadhi miaka mingi, ya bibi akighani katika arusi ya jamaa, akapima. Ubeti mmoja wa tarbia, mishororo minne ya mizani kumi na sita, kwa mwendo wa bibi ulichukua sekunde 40 kasoro chache. Tangu siku ile aliiweka saa kwenye mtoto wa meza. Alianza swali pamoja na mshororo wa kwanza kichwani, na kituo kikifika naye awe ameshachagua jibu. Akichelewa alijua amechelewa kwa mizani mingapi.

Mambo ya kukariri aliyatia katika mishororo, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyokariri kila kitu tangu utoto. Mingi ilikuwa mibovu, na yeye alijua. Alipofika kwenye mzunguko wa damu moyoni alitunga: damu huingia kulia, mapafuni ikapita. Alimsomea bibi kwa mzaha. Bibi hajasoma biolojia hata siku moja, lakini kwenye simu ilisikika kucha ikigonga ubao wa kitanda, na alipomaliza kugonga alisema, "Tisa. Kipande cha kwanza kimezidi." Ilikuwa kweli. Binti akarekebisha papo hapo: damu yaja kwa kulia. Mizani nane kamili. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na inalia nini?" Walicheka mpaka salio la simu likakatika. Mtu asiye na meno, kumbe, mizani bado anayo, kwa sababu mizani huhesabiwa kwa kidole. Na tangu Ijumaa ile wajukuu walioko Wete husema bibi alianza tena kusahihisha mashairi ya watu.

Sehemu ya maumbo ndiyo iliyokuwa ikiwaangusha wengi, na ndiyo aliyoiogopa zaidi. Mtahiniwa huoneshwa karatasi iliyokunjwa mara moja, mbili au tatu na kutobolewa, naye aseme matobo yatakaa wapi ikikunjuliwa. Huoneshwa bapa lenye mistari, aseme litakuwa sanduku gani likikunjwa. Wiki mbili nzima alikosea nusu. Mama yake, aliyekuwa akipita na chai, alisimama nyuma ya kiti akatazama kompyuta. Mama huyo alishona kofia za viua katika usichana wake, Wete, kama walivyoshona nusu ya mtaa. "Lakini hii ni kofia," alisema.

Na kweli ni kofia. Kofia ya mkono huanza ikiwa kitambaa bapa, pande refu la mzunguko na duara la juu. Nakshi huchorwa kabla, matobo hutobolewa na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, na mshonaji hana budi kuijua tangu mwanzo ncha hii itakutana na ncha ipi siku kitambaa kitakapofumbwa, la sivyo ua hukatika mshononi na kofia haina bei. Miezi mingi mkono hufanya kazi kwenye bapa, na jicho linakaa kwenye duara. Mama alichukua karatasi akaikunja mara mbili, akaichoma sindano, akaishika imefumba. "Sema." Binti alisema vibaya. Mama akakunjua akamwonesha, akachukua karatasi nyingine. Walifanya hivyo kila usiku kwa nusu saa, ambayo mama aliitoa katika usingizi wake, na sakafu ya chumba ilijaa karatasi zenye matundu. Jamaa aliyekuja kuwatembelea alidhani wanafuga panya.

Katikati ya juhudi hizo alipoteza siku nzima, na aliipoteza kwa kutaka. Alikwenda Baltimore, safari ya saa moja na zaidi, kuitazama skuli aliyotaka kuiomba. Ndiyo skuli ya kwanza ya udaktari wa meno duniani, iliyofunguliwa mwaka 1840, na kando yake kuna makumbusho ya meno. Humo mna meno ya bandia ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Watoto wa kule husimuliwa kwamba yalikuwa ya mti. Hayakuwa. Yalichongwa kwa pembe, na mengine aliyowahi kuvaa yalitiwa meno ya watu. Na katika daftari la matumizi la nyumba yake, mwaka 1784, imeandikwa malipo kwa watu weusi, wanaodhaniwa kuwa watumwa wake, kwa ajili ya meno tisa. Binti alisimama pale muda mrefu kuliko ratiba yake ilivyoruhusu. Alijiuliza ni herufi zipi zilizowatoka watu wale ili zimrudie bwana wao. Ndani ya basi alirudi kwenye kemia, akakuta amesahau alichosoma asubuhi.

Kusoma na kufahamu hakukumsumbua, na hesabu aliiachia siku kumi za mwisho, jambo ambalo lilikuja kumgharimu. Katika majaribio ya nyumbani alimaliza maswali ya maumbo yakiwa yamebaki mawili, kisha moja, kisha akamaliza yote na mshororo mzima wa ziada.

Tarehe 12 Julai ilikuwa Ijumaa. Alipekuliwa mifuko, akavuliwa saa ya mkono, akaketishwa mbele ya kompyuta saa mbili za asubuhi. Alitoka baada ya adhuhuri na karatasi moja. Alama wakati ule zilitolewa kuanzia 1 hadi 30, na waliokuwa wakipokelewa walikuwa kwa wingi karibu na 20. Maumbo alipata 22. Biolojia na ufahamu 21 kila moja. Kemia mbili zilimpa 18 na 17, na hesabu 18. Wastani wa masomo ukawa 19, alama ambayo haimfungii mtu mlango wala haimfungulii. Kanuni za wakati ule zilimruhusu kurudia baada ya siku 90, yaani Oktoba, wakati barua za kukubaliwa zikikaribia kuanza kutoka. Alisimama kwenye maegesho ya magari akihesabu siku hizo 90, na usiku wa kazi uliomo ndani yake, na miezi ya Pemba iliyomo ndani ya usiku huo.

Kisha akapiga simu. Huko Wete ilikuwa imeshaingia usiku. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumi na tisa katika ngapi?"

"Thelathini, bibi."

Kucha iligonga ubao wa kitanda, taratibu, mara kumi na moja. "Na zile za kofia?"

"Ishirini na mbili."

"Haya. Mwambie mama yako." Sauti ilisogea mbali na simu, ikarudi. "Umekula?"

Alisema bado. Zamu yake kazini ilikuwa inaanza saa kumi, na basi lilikuwa limeshaonekana. Bibi alimwambia asubiri kidogo, asikate. Kukawa kimya, halafu ukaja ubeti, mishororo yote minne, na kila penye v au f palipita upepo mdogo. Binti alipanda basi akiwa na simu sikioni.